Maswali ya Wasomaji: Krosova ya Twita ya Kuba ya Metali

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: twita (spika ndogo za sauti za juu) za kuba ya alumini au titani zinazochoma masikio ndani ya bafle za kujitengenezea. Dawa yake mara nyingi iko kwenye krosova, yaani vifaa vinavyogawa sauti kati ya twita na wufa, spika kubwa ya sauti za chini. Tumeanza na barua yenye maelezo kamili kuliko zote, maana jibu lake linawahusu wengi.

Mafundi wa safu hii, salamu kutoka Himbi. Nimetengeneza bafle mbili za tripleksi ya mm 18, upana wa mbele sm 22. Ndani kuna wufa ya karatasi ya sm 16, ohm 8, na twita ya kuba ya alumini ya mm 25, ohm 6. Wufa nimeiunga moja kwa moja kwenye ampli. Twita nimeiwekea kapasita moja ya µF 4.7. Gitaa la besi liko sawa kabisa, ila kwaya ya akina mama inachoma, na kila "s" inapiga mluzi. Mwenye duka ananiambia alumini ndiyo yenye kelele, ninunue twita ya hariri. Nimfuate? (Msomaji wa Himbi, Goma)

Ndugu yetu, usinunue twita nyingine kwanza. Kuba ya alumini ya mm 25 iliyotengenezwa vizuri husukumwa ikiwa nzima, kama kipande kimoja, hadi karibu kHz 25. Huko ndiko metali huanza kujikunja na kulia, na kilele chake kinaweza kupita desibeli 10. Sikio la kijana mwenye afya huishia kHz 20, na la mtu mzima chini ya hapo. Kwa hiyo mlio wenyewe wa alumini huusikii. Kinachokuchoma kiko chini zaidi, kati ya kHz 2 na kHz 6, na kina vyanzo viwili: twita inasukumwa mahali isipostahili kufanya kazi, na wufa inaendelea kuimba mahali ilipopaswa kunyamaza.

Tazama hiyo kapasita. Kwenye hesabu, µF 4.7 na ohm 6 zinakata kwenye kHz 5.6, yaani sauti za chini ya hapo zinapunguzwa. Hesabu hiyo inadhani twita inabaki ohm 6 kwa masafa yote, nayo haibaki. Kila twita ina masafa yake ya asili, yanayoandikwa Fs, na hapo impedansi (ukinzani wake kwa umeme wa sauti) inapanda ghafla. Tuseme Fs ya yako ni Hz 1000 na impedansi inafika ohm 15. Kwa masafa hayo kapasita yako ni sawa na ohm 34. Twita ingekuwa ohm 6 kweli, ingepunguziwa desibeli 15. Kwa kuwa imekuwa ohm 15, inapunguziwa desibeli 8 tu. Desibeli 7 zimevuja, tena pabaya: kwa nguvu ileile ya sauti, kila masafa yanaposhuka nusu, kuba inalazimika kutembea mara nne zaidi. Kuba ya mm 25 haina hata milimita moja ya kutembea kila upande. Ikifika mwisho wake inazaa sauti za ziada kwenye Hz 2000 na Hz 3000, palepale sauti za akina mama zilipo na sikio linaposikia kwa urahisi zaidi. Twita ya hariri iliyofungwa kwa kapasita hiyohiyo ingekuchoma vilevile.

Anza kwa kuitafuta Fs yako. Weka kwenye simu programu ya kutoa toni, iunge na ampli, kisha unga twita kupitia rezista ya ohm 100 bila kapasita yoyote. Sauti iwe ndogo. Pima volti za AC kwenye miguu ya twita huku ukipandisha toni taratibu kutoka Hz 400 hadi Hz 2500. Mahali volti zinapokuwa kubwa kuliko kwingine ndiyo Fs. Multimeta za bei ndogo hupungukiwa kadiri masafa yanavyopanda, lakini hapa unatafuta kilele tu, kwa hiyo inatosha. Ukikuta kilele kifupi na kipana, huenda twita yako ina mafuta ya sumaku (yanayovutwa na sumaku) ndani ya mwanya wake, pale koili ya kuba inapotembea, na hiyo ni heri.

Masafa ya kukata yasiwe chini ya mara mbili ya Fs, na ni bora yakaribie mara tatu. Upande wa juu unabanwa na wufa: koni ya spika ya sm 16 ina kipenyo cha kazi cha sm 13 hivi, na kuanzia kHz 2.6 sauti yake inaanza kwenda mbele tu kama mwanga wa tochi, anayekaa pembeni haipati. Kwa bafle yako, kHz 2.8 ni mahali pazuri.

Sasa vifaa vya twita, kwa kila bafle. Kutoka plus ya ampli weka kapasita ya µF 6.2: chukua ile µF 4.7 uliyo nayo uiunge sambamba na µF 1.5. Baada yake koili ya mH 0.25 inashuka hadi minus. Kutoka pale kapasita na koili zinapokutana, endelea na kapasita ya µF 18 (µF 15 sambamba na µF 3.3), kisha rezista ya ohm 2.2, kisha plus ya twita. Rezista ya ohm 10 inakaa juu ya miguu miwili ya twita. Rezista zote mbili ziwe za wati 10. Kapasita za mwanzo ziwe za filamu, volti 100 au zaidi. Ile ya µF 18 inaweza kuwa elektroliti isiyo na plus na minus kama filamu ya ukubwa huo haipatikani. Kosa la asilimia 10 pale halina madhara makubwa. Kwenye µF 6.2 na kwenye koili, jitahidi bafle mbili zisipishane zaidi ya asilimia 5, la sivyo mwimbaji anayesikika katikati ya bafle mbili atasikika amehamia upande mmoja.

Zile rezista mbili zina kazi mbili. Zinashusha twita desibeli 4, kwa sababu twita za namna hii huwa na sauti kubwa kuliko wufa ya sm 16 ikiwa ndani ya sanduku. Na zinatuliza kilele cha Fs: ohm 15 ya twita sambamba na ohm 10 inakuwa ohm 6, ukiongeza 2.2 unapata 8.2. Krosova inaona 8.2 badala ya 15, na ule uvujaji unapungua sana bila kuongeza kifaa kingine. Ukitaka kubadilisha kiasi, badilisha zote mbili pamoja ili krosova iendelee kuona ohm 6: kwa desibeli 3 tumia 1.8 na 15, kwa desibeli 5 tumia 2.7 na 8.2. Anayebadilisha rezista moja tu anasogeza na masafa ya kukata, halafu anashangaa kwa nini sauti imegeuka.

Koili ya mH 0.25 usiihangaikie madukani. Mafundi wanaozungushia mota waya upya wana waya wa shaba wenye vanishi, na wanaupima kwa gramu. Omba wa mm 1, mita 12 hivi, karibu gramu 85. Tengeneza kigurudumu cha mbao au plastiki: kiini cha kipenyo cha sm 2.5, nafasi ya waya upana wa sm 2, kuta mbili za pembeni. Zungusha waya ukiwa umekaza, mzunguko ukigusana na mwenzake, mizunguko 18 kwa kila tabaka. Ukifika 105 una mH 0.25. Zungusha 110 kisha upunguze ukipima. Kila mzunguko unaotoa unashusha kama mH 0.005. Kwaruza vanishi kwenye ncha zote mbili mpaka shaba ing'ae, maana risasi ya kulehemu haishiki juu ya vanishi, na kiungo kinachoonekana kizuri kinaweza kuwa hakipitishi kitu.

Huna mita ya koili? Iunge koili mfululizo na rezista ya ohm 10 ya wati 10, tuma toni, pandisha masafa mpaka volti za koili zilingane na volti za rezista. Gawanya 10 kwa 6.28, kisha gawanya tena kwa masafa uliyopata: jibu ni henri. Kwa mH 0.25 volti zitalingana karibu na Hz 6370. Hata kama multimeta inadanganya kwa masafa hayo, inadanganya sawasawa pande zote mbili, na kulingana kunabaki kulingana.

Wufa nayo ipate krosova yake, hili usiliruke. Weka koili ya mH 1.5 mfululizo, kisha kapasita ya µF 6.8 juu ya miguu ya wufa. Koili hiyo ni mizunguko 200 ya waya wa mm 1.2 kwenye kiini cha sm 3.5, upana wa sm 2.5, inakula mita 31, karibu gramu 310, na ukinzani wake unabaki chini ya nusu ohm. Ni kubwa kuliko hesabu za kitabuni kwa makusudi. Bafle yenye upana wa sm 22 inaanza kupoteza sauti ya mbele kuanzia Hz 500 kwenda chini, kwa kuwa mawimbi marefu yanazunguka nyuma ya sanduku. Koili kubwa inashusha sehemu ya juu ya wufa ili ilingane na chini. Ukiiacha kwenye mH 0.9, sauti za watu zitakuwa nyembamba na utaendelea kuilaumu twita.

Koili mbili zisikae kifua kwa kifua: laza moja, simamisha nyingine, ziachane sm 10 au zaidi, mbali na sumaku ya wufa. Usizifunge kwa skrubu ya chuma inayopita katikati, maana chuma kinaongeza mH. Tumia kamba ya plastiki na gundi.

Mwisho, mwelekeo wa nyaya. Tuma toni ya kHz 2.8 kwa sauti ndogo, kaa mita moja mbele ya bafle kimo cha twita, geuza nyaya za twita mara moja. Katika hali moja sauti inazama. Kadiri inavyozama zaidi, ndivyo wufa na twita zinavyokubaliana vizuri zikiwa katika hali nyingine, basi ziache katika hiyo nyingine. Isipozama kwa hali yoyote, badilisha µF 6.8 ya wufa kuwa µF 10 na ujaribu tena.

Nimenunua twita za kuba ya metali zenye karatasi ya data inayoonyesha kilele kikali kwenye kHz 26. Rafiki yangu anasema bila mtego, yaani fungu la vifaa la kukikata kilele hicho peke yake, kazi yote ni bure. Ni kweli? (Msomaji wa Ibanda, Bukavu)

Si kweli kwa twita hizo. CD inabeba sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo muziki wake hauwezi kupita kHz 22.05. Faili nyingi za MP3 za uzito mdogo hukatwa karibu na kHz 16. Hakuna kitu kwenye muziki wako kinachofika kHz 26 kukiamsha kilele hicho, isipokuwa ampli iliyozidiwa au upotoshaji wa twita yenyewe, na dawa ya hayo mawili ni kukata juu vya kutosha na kutumia ampli yenye akiba. Mtego usiohitajika ni vifaa viwili au vitatu vya ziada katika njia ya sauti, kila kimoja na kosa lake.

Mtego una maana pale kilele kinapoingia ndani ya masikio. Kuba kubwa, na baadhi ya kuba nyembamba za bei ya chini zisizo na karatasi ya data, zinaweza kulia kwenye kHz 12 hadi 16. Hapo unasikia matoazi yakilia kwa noti moja ileile, wimbo wowote ule. Hiyo noti moja ndiyo dalili ya kuamini. Ukali wa jumla si dalili. Pima kwa maikrofoni na REW, programu ya kompyuta ya kupimia sauti ambayo haitozwi kitu, upate masafa kamili. Kwa kilele cha kHz 14, unga koili ya mH 0.047, kapasita ya µF 2.7 na rezista ya ohm 10, zote tatu sambamba, kisha fungu hilo ulipitishe mfululizo na twita, baada ya rezista ya ohm 2.2 na kabla ya rezista ya juu ya miguu, zile za krosova tuliyomweleza msomaji wa Himbi. Kwa mzigo wa ohm 6 linashusha desibeli 8 hivi. Lakini zile ohm 10 za juu ya miguu zinashusha mzigo kidogo, na twita yenyewe hupanda ohm kwenye masafa ya juu, kwa hiyo pima tena ukishaunga, ukisogeza rezista kati ya 6.8 na 15. Bila maikrofoni, usianze kazi hii kabisa.

Tunapiga sono kwenye harusi. Twita zetu za titani zimeandikwa wati 100, ampli ni wati 60 tu, na bado zinaungua. Inawezekanaje ampli ndogo iunguze twita kubwa? (Msomaji wa Ndosho, Goma)

Wati 100 zilizoandikwa ni za muziki mzima ukipita kwenye krosova, ambapo sehemu kubwa ya nguvu inakwenda kwa wufa. Waya wa koili ya ndani ya twita ni mwembamba sana. Wati chache tu za mfululizo zinaupasha moto kuliko gundi yake inavyovumilia. Ampli ya wati 60 ikisukumwa kupita uwezo, mawimbi yake yanakatwa vichwa na kuwa mraba, na wimbi la mraba limejaa masafa ya juu. Yote hayo yanapita krosova na kuishia kwenye twita. Inayoungua kwa ampli ndogo iliyokazwa mpaka mwisho ingeweza kuishi miaka na ampli ya wati 150 iliyofunguliwa nusu.

Angalieni pia jenereta. Volti zikishuka katikati ya wimbo kwa sababu friji na taa zimewashwa pamoja, ampli inakosa nafasi na kuanza kukata vichwa hata kama kitufe cha sauti hakijaguswa. Multimeta kwenye soketi, muziki ukiwa juu, inaonyesha hilo mara moja.

Kisha fungueni bafle mkaangalie kapasita. Mara nyingi fundi aliyekosa µF 4.7 ya filamu ameweka elektroliti ya kawaida yenye plus na minus, iliyotolewa kwenye redio ya zamani. Hiyo haikutengenezwa kwa umeme unaogeuka pande zote; inavimba, thamani yake inahama, na ikishikana ndani twita inapokea kila kitu, hata besi. Mkishindwa kupata isiyo na plus na minus, chukueni mbili za thamani mara mbili, volti 50 au zaidi, mziunge minus kwa minus: mbili za µF 10 zinatoa µF 5. Kama bafle zenu zinatumia kapasita moja tu, hamieni kwenye krosova ya vifaa vitatu tuliyomweleza msomaji wa Himbi, mkipandisha kukata hadi kHz 3.5 kwa ajili ya harusi: µF 5, mH 0.2 na µF 15 kwa twita ya ohm 6. Wufa nayo ikatwe karibu na hapo.

Mtoto amebonyeza kuba ya alumini kwa kidole. Naweza kuivuta kwa selotepu? (Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi)

Kama shimo ni la mviringo na halina mkunjo mkali, selotepu dhaifu iliyowekwa katikati na kuvutwa polepole wima inaweza kuirudisha. Mkunjo wenye mstari hautoki, na ukilazimisha, kuba inachanika au inang'oka kwenye koili. Baada ya kuvuta, tuma toni kutoka Hz 800 hadi kHz 5 kwa sauti ndogo sana: ukisikia kukwaruza, koili imehama katikati ya mwanya na twita inahitaji kuba mpya. Isipokwaruza, tumia bila wasiwasi, kisha uweke wavu wa chuma mbele yake.

Nataka kubadilisha kuba mwenyewe nyumbani. Kuna la kuangalia? (Msomaji wa Majengo, Goma)

Vumbi. Mchanga mweusi wa lava ulio kila mahali mjini kwetu una chembe zinazovutwa na sumaku. Pitisha sumaku juu yake kwenye uwanja utaziona zikisimama kama nywele. Chembe moja ikiingia kwenye mwanya wa twita haitoki kwa kupulizwa, na inakwaruza koili mpaka waya unakatika. Fanya kazi ndani, juu ya karatasi safi nyeupe, dirisha limefungwa, na mikono na bisibisi vimefutwa. Ukishatoa kuba ya zamani, funika mwanya kwa selotepu mara moja. Kabla ya kuweka kuba mpya, kunja kipande chembamba cha selotepu, gundi ikiwa nje pande zote mbili, kiwe kama kadi, ukizungushe ndani ya mwanya mzima, kisha ukitazame kwenye mwanga. Kikitoka na nukta nyeusi, kata kipande kipya urudie, mpaka kitoke safi. Kama mwanya una mafuta ya sumaku, selotepu itayafyonza: futa yote kwa karatasi ngumu na uweke mapya ya kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, au uiache kavu. Twita iliyoachwa kavu ina kilele kirefu zaidi cha Fs na inapoa vibaya zaidi, kwa hiyo ikatwe juu ya kHz 3.